Mkunjo Usiorudi: Moto Unavyoziharibu Nywele za Kipilipili

Ukitaka kujua kama moto umeziumiza nywele zako, zioshe. Nywele za kipilipili zenye afya zikilowa hujikunja zenyewe kuanzia kwenye mzizi mpaka kwenye ncha, hata kama jana yake zilipigwa pasi zikalala mabegani. Zilizoungua hazifanyi hivyo. Juu zinajikunja, lakini kuanzia katikati zinalegea na kuning'inia zimenyooka, huku ncha zikiwa kavu na zimepasuka. Wengi hufika hapo bila kuungua sikio, bila kunusa moshi, bila kuona dalili yoyote wakiwa bado kwenye kiti cha saluni. Ndiyo maana ni muhimu kuelewa kinachotokea ndani ya unywele chuma cha moto kinapopita juu yake.

Ndani ya unywele mmoja

Unywele ulioko nje ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala seli hai inayoweza kuponya jeraha. Sehemu kubwa yake ni protini iitwayo keratini. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yanayolaliana kama makuti ya paa, na kwa ndani kuna nyuzi za keratini zilizosokotana. Nyuzi hizo ndizo zinazoupa unywele nguvu, mnyumbuko na umbo lake.

Nyuzi hizo hushikana kwa vifungo vya aina kadhaa, na aina mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya kulainisha nywele. Ya pili ni vifungo vya haidrojeni. Hivi ni dhaifu, lakini ni vingi mno. Huachia unywele unapolowa na kujifunga upya unapokauka. Unywele ukikauka huku umevutwa, vifungo hivyo hujifunga ukiwa umenyooka, nao hubaki hivyo mpaka upate unyevu tena. Ndiyo sababu nywele zilizonyooshwa asubuhi huanza kujikunja jioni katika fukuto la Dar es Salaam au Mombasa: hewa yenyewe ina maji ya kutosha kuvifungua.

Basi nywele hunyooka kwa sababu zimekauka zikiwa zimevutwa. Kazi kubwa ya moto ni kuharakisha. Dakika tunazookoa kwa kupandisha joto tunazilipia kwa keratini, na keratini iliyoharibika hairudi.

Maji yanapochemka ndani ya unywele

Pasi za nywele za umeme zinaweza kufika nyuzi joto 230. Keratini kavu huvumilia joto la kupita nyuzi 200 kabla msokoto wake wa ndani haujafumuka kabisa. Ikilowa, vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba hufumuka kwenye nyuzi joto 150 hivi. Maji huilegeza protini, kisha joto humalizia. Kwa hiyo ule mlio wa "chwaaa" pasi inapobana fungu la nywele ambalo halijakauka, pamoja na mvuke unaopanda, ni onyo. Maji yanachemka, na sehemu yake yamo ndani ya unywele wenyewe.

Mvuke unahitaji nafasi kubwa kuliko maji, na usipopata njia ya kutokea huitengeneza. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa ngozi wameeleza hali ambayo unywele, ukiwekwa chini ya hadubini, huonekana umejaa mapovu, mengine makubwa kiasi cha kuupasua ubavu. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba draya ya mkono yenye joto la nyuzi 175 inatosha kusababisha mapovu hayo, na hata chuma cha kusokotea chenye nyuzi 125 kikishikiliwa mahali pamoja kwa dakika moja. Unywele wa namna hiyo hukatikia penye povu, wakati mwingine kwa kuchanwa tu.

Nywele za kipilipili ziko hatarini zaidi kwa sababu ya umbo lake. Ukiukata unywele wa aina hii na kuutazama kwa kichwa chake, si duara bali ni bapa, nao hujipinda mara nyingi katika urefu mfupi. Kila pindo ni mahali ambapo mkazo hukusanyika na magamba hunyanyuka kirahisi. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hayashuki vizuri kwenye njia yenye kona nyingi, kwa hiyo ncha huwa kavu kabla hata ya kuguswa na moto. Halafu, ili kuinyoosha mikunjo hiyo, msusi huongeza joto na kurudia fungu lile lile mara tatu au nne. Madhara ya kila mpito hujumlishwa na ya ule uliotangulia.

Kipi kinapona, kipi hakiponi

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Hakuna mafuta, stimingi wala kopo la protini litakalourudisha mkunjo uliofumuliwa na moto. Kondishena hulaza magamba na kupunguza msuguano, na protini zilizosagwa ndogo sana hushikilia sehemu zilizodhoofika kwa muda. Huo ni msaada wa kweli, maana unywele unaoteleza haukatiki ovyo, lakini unahitaji kurudiwa kila baada ya kuosha.

Uponyaji wenyewe unatoka kwenye mzizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulipima ukuaji wa nywele za watu wenye asili ya Afrika ukapata wastani wa mikromita 256 kwa siku, yaani karibu milimita 8 kwa mwezi. Mwenye sentimita 15 za nywele zilizoungua atasubiri takriban miezi 20 kuziotesha upya zote. Anaweza kukata zote kwa mara moja, au kupunguza ncha kidogo kidogo huku nywele mpya zikishuka. Anayechagua njia ya pili awe mwangalifu na mpaka kati ya nywele mpya zinazojikunja na za zamani zilizonyooka, kwani hapo ndipo zinapokatikia. Azifumue kwa vidole zikiwa na kondishena, aanzie kwenye ncha akipanda juu.

Mafuta ya nazi yana nafasi yake, na sayansi inajua kwa nini. Mwaka 2003 watafiti wa India Aarti Rele na R. B. Mohile waliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini, kwenye nywele nzima na zilizoharibika pia. Asidi ya lauriki iliyomo humo ina umbo dogo lililonyooka, kwa hiyo hupenya ndani badala ya kubaki juu. Yapake kabla ya kuosha. Usiyageuze kuwa kinga ya pasi: mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi joto 175.

Joto likibidi

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri mtu mwenye nywele za asili ya Kiafrika asizinyooshe kwa moto zaidi ya mara moja kwa wiki, atumie kifaa chenye kipimo cha joto, na atangulize losheni ya kukinga joto. Losheni hizo hufunika unywele kwa utando mwembamba unaosambaza joto na kulipunguza kasi. Zinapunguza madhara tu, haziyazuii yote.

Kwa pasi, hakikisha nywele ni safi na zimekauka kabisa, shika fungu dogo, pitisha mara moja bila kusimama. Chanuo la moto linalowekwa juu ya jiko halina kipimo chochote. Wengi hulijaribu kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikibadilika rangi wanasubiri lipoe. Kipimo hicho kinazuia kuunguza, lakini keratini huanza kuumia kabla kitambaa hakijababuka.

Mtu akianza kupoteza nywele utosini, asidhani ni pasi tu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa aina hiyo kwa wanawake weusi wakaulaumu moto wa chanuo. Baadaye ulionekana hata kwa wasiolitumia, na mwaka 2019 watafiti waliuhusisha, kwa baadhi ya wagonjwa, na mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3. Ugonjwa huo huacha kovu, na kovu likishaziba kitundu cha unywele, hauoti tena. Utosi ukiwasha, ukiuma au ukianza kung'aa, mwone daktari wa ngozi mapema. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo kinachofundisha wataalamu wa fani hii.

Kunyoosha kwa uzi

Kama nywele hunyooka kwa kukauka zikiwa zimevutwa, basi mama zetu waliosuka nywele za uzi walikuwa wakifanya kazi ile ile ya pasi bila moto. Nywele zilizooshwa na kupakwa mafuta hugawanywa mafungu zikiwa na unyevu kidogo. Uzi mweusi huanzia kwenye shina, ukazunguka fungu kwa nafasi sawa hadi kwenye ncha, kisha hufungwa. Nywele zikikauka usiku kucha, vifungo vya haidrojeni vimejifunga zikiwa zimerefuka. Ukifumua asubuhi unapata urefu wa kutosha kwa mtindo wowote, na siku ya kuosha mkunjo wote unarudi. Sharti ni moja: mzunguko wa kwanza usiikaze ngozi, hasa kwenye paji la uso, kwa sababu kuvuta nako hung'oa nywele.

Tunastahili saluni zinazouza huduma hii kwa heshima ile ile ya pasi. Hadi hapo, mteja ana haki ya kumuuliza msusi chuma kina nyuzi joto ngapi, kusema nywele zikaushwe kwanza, na kukataa mpito wa pili. Msusi naye ana wajibu wa kumwambia mteja ukweli kwamba mkunjo ulioungua hautengenezwi saluni. Unaota upya, kwa milimita chache kila mwezi, kama tutaacha kuuchoma.