Adui wa Tochi ni Joto

Kwenye sanduku la tochi huandikwa namba moja kubwa kuliko zote: lumeni, kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka. Elfu moja, elfu tatu, elfu kumi. Mnunuzi hutoa pesa kwa ajili ya namba hiyo, na fundi anayeifungua tochi ili kuiongezea mwanga mara nyingi huanza kwa kuikimbiza hiyo hiyo. Hapa Guildford, magharibi mwa Sydney, nimeona tochi nyingi zilizoongezewa nguvu kwa njia hiyo. Huwaka kwa ukali wa kutisha, na baada ya dakika chache mwili wake haushikiki na mwanga umekwisha kushuka. Hazina kasoro ya ajabu. Aliyezifungua aliongeza umeme bila kuliandalia joto njia ya kutokea.

Hata hiyo lumeni ya sandukuni ina masharti yake. Kipimo cha Marekani kinachofuatwa na watengenezaji wengi, ANSI FL1, kilichoanza mwaka 2009, kinataka mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka mwanga uwe umeshuka hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi inaweza kuandikwa lumeni 1000 na saa kadhaa za kuwaka bila uongo wowote, ilhali lumeni hizo 1000 zilidumu dakika tatu tu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuingie ndani ya ile nukta ya manjano iliyo katikati ya tochi, yaani LED. Chini ya rangi hiyo kuna chipu, kipande cha nusu-kipitishi cha galiamu na naitrojeni pamoja na indiamu kidogo. Umeme unapopita, elektroni huanguka kwenye matundu yanayozingoja upande wa pili, na nishati iliyopotea katika anguko hilo hutoka kama mwanga wa bluu. Tabaka la unga wa manjano lililo juu yake hunyonya sehemu ya bluu hiyo na kuirudisha ikiwa manjano. Bluu iliyobaki ikichanganyika na manjano, jicho linaona nyeupe. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitangaza LED ya bluu yenye mwanga wa kutosha mwaka 1993. Mwaka 2014 yeye na wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Balbu ya zamani ya waya ilikuwa mbadhirifu mkubwa, lakini sehemu kubwa ya joto lake ilitoka mbele, pamoja na mwanga. LED haifanyi hivyo. Mwanga huenda mbele na joto hubaki mgongoni, ndani ya kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Lisipoondolewa hapo haraka, chipu hujipunguzia mwanga yenyewe. Ikifika nyuzi 100 za Selsiasi, chipu nyingi huwa zimepoteza kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya mwanga zilizokuwa nao zikiwa baridi.

Tuchukue mfano wa chipu iliyobadilisha soko la tochi, XM-L ya kampuni ya Cree, iliyotangazwa mwishoni mwa 2010: lumeni 1000 kwa wati 10, mkondo wa ampea 3. Katika wati 10 hizo, takriban 6 ni joto tupu. Sasa pima mwili wa tochi ya kawaida ya mkononi, yenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa sentimita 13. Eneo lake la nje ni kama sentimita za mraba 100. Hewa tulivu huondoa kwenye eneo kama hilo wati 3 hivi ikiwa mwili una joto la nyuzi 30 zaidi ya hewa. Mkono unaoishika husaidia kidogo, na upepo pia. Hesabu haibembelezi: hata tochi isiyoguswa na fundi tayari inazalisha joto zaidi kuliko inavyoweza kulitoa, na inaishi kwa kuazima muda mpaka chuma chake kijae joto.

Magharibi mwa Sydney hesabu hiyo ni kali zaidi. Upepo wa bahari unaopoza ufukwe wa Bondi unatufikia huku ukiwa umechoka, na Januari usiku hubaki na joto la mchana. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, iliyo magharibi yetu, ilifika nyuzi 48.9. Hewa ikiwa nyuzi 40 na mkono ukivumilia chuma cha nyuzi 50 tu, nafasi ya kupoza tochi inabaki nyuzi 10. Tochi ile ile hapo inaweza kutoa wati moja tu ya joto bila kukuunguza.

Kwa nini basi watu wanaendelea kuongeza mkondo? Kwa sababu ni rahisi, na matokeo yake huonekana papo hapo. Saketi nyingi za tochi za betri moja hutumia vidhibiti vidogo viitwavyo AMC7135, kila kimoja kikipitisha miliampea 350. Vinane vikiwekwa sambamba unapata ampea 2.8. Fundi hununua vinne zaidi, anavipandisha mgongoni mwa vile vya kwanza, analehemu miguu yake mitatu kwa mitatu, na sasa ana ampea 4.2. Kazi ya nusu saa. Ila vidhibiti hivi havibadilishi volti, huchoma tu ile iliyozidi. Betri iliyojaa ina volti 4.2 na LED inataka kama 3.3, tofauti ya volti 0.9 ikizidishwa kwa ampea 2.8 ni wati 2.5 nyingine za joto ndani ya bomba lile lile.

Chipu yenyewe nayo haikubali kulipa sawa na inavyolishwa. Kwa chipu za kizazi cha XM-L, ukipandisha mkondo kutoka ampea 3 hadi 5 unatumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 80, na mwanga unaongezeka kwa theluthi moja na kitu kidogo. Elektroni zikisongamana sana, baadhi hupeana nishati zenyewe kwa zenyewe, na nishati hiyo huishia kuwa joto badala ya mwanga. Tabia hiyo huitwa mchakato wa Auger, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wa École Polytechnique ya Ufaransa walizinasa moja kwa moja elektroni zinazorushwa nao. Jicho nalo linabana. Mwanga ukiongezeka mara mbili hatuuoni mara mbili. Ili eneo lionekane kung'aa maradufu unahitaji mwanga wa mara kadhaa. Ile theluthi moja iliyogharimu joto lote hilo ni vigumu hata kuitambua usipoziweka tochi mbili sambamba ukutani.

Kazi yenye faida iko kwingine, katika sehemu ambazo mnunuzi hazioni kabisa. Fungua mkia wa tochi utoe springi inayokandamiza betri. Ni waya mwembamba wa chuma, umezungushwa mara sita au saba, na umeme wote wa tochi unapita humo. Ukinzani wake unaweza kufika omu 0.05. Ukiwa na springi mbili, moja mkiani na moja kichwani, jumla ni omu 0.1; kwa ampea 5 unapoteza nusu volti na wati 2.5. Kumbuka LED inayokula ampea 5 inataka karibu volti 3.6, na betri iliyojaa ina 4.2. Springi zimekula karibu akiba yote, na betri ikishuka kidogo tochi inafifia ingawa chaji bado ipo. Springi inayopashwa joto hivyo hulegea, ikazama, ikaacha kugusa betri vizuri, na ukinzani ukazidi.

Dawa yake ni kipande cha waya laini wa shaba wenye nyuzi nyingi, kilichovikwa silikoni. Kwanza unakwangua kilele cha springi mpaka chuma king'ae, unakipaka fluksi, unakiwekea tone la lehemu. Ncha ya waya inazama kwenye tone hilo. Waya unapita katikati ya springi ukiwa na ulegevu wa kutosha kujikunja springi inapobanwa. Ncha ya pili inashikwa na lehemu kwenye bodi ya chini. Waya ukiwa mfupi utang'oka. Ukiwa mrefu, utachomoza pembeni na kugusa ukuta wa bomba, na hapo umetengeneza shoti. Baada ya hapo springi inabaki na kazi yake ya kukandamiza, na umeme unapita kwenye shaba. Sijui marekebisho mengine ya gharama ndogo hivi yenye faida kubwa kama haya.

Kazi ya pili ni ya joto. Chipu hukaa juu ya kibodi chenye umbo la nyota. Katika vibodi vya bei nafuu, kati ya chipu na alumini kuna utando wa kuzuia umeme, na utando huo hupitisha joto kwa shida, mara mia hivi pungufu ya alumini yenyewe. Vibodi bora ni vya shaba, na chini ya katikati ya chipu utando huo umeondolewa kabisa, kwa hiyo joto linashuka moja kwa moja kwenye chuma. Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini. Chini ya kibodi weka krimu ya kupitisha joto, kiasi cha kujaza mikwaruzo tu. Hewa iliyonaswa humo ni kizuizi kibaya kuliko vyote. Ukifanya hivyo bila kuongeza hata miliampea moja, mwanga wa dakika ya tano utakuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa, na huo ndio mwanga mtu anaotembea nao.

Kuna wanaotaka tochi ifike mbali, na hao huongeza lumeni bure. Umbali unategemea kandela, yaani ukali wa mwanga katika uelekeo mmoja, na kandela hutokana na mambo mawili: ukali wa kila milimita ya uso wa chipu, na eneo la kiakisi. Kiakisi chenye kipenyo mara mbili hutoa kandela mara nne kutoka kwenye chipu ile ile. Kipimo cha FL1 huhesabu umbali mpaka pale mwanga unapobaki robo ya laksi, kama mwanga wa mbalamwezi, kwa hiyo kandela 10,000 ni mita 200, na kandela 40,000 ni mita 400. Kioo cha mbele kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha ndani karibu asilimia 8 ya mwanga. Kilichopakwa hupunguza hasara hiyo sana, nacho hubadilishwa kwa dakika moja.

Pa kujaribia hapa Guildford hapakosekani. Mfereji wa Lower Prospect, ulioanza mwaka 1888 kuleta maji ya Sydney kutoka bwawa la Prospect hadi kituo cha maji cha Pipehead, umegeuzwa njia ya miguu na baiskeli, na vipande vyake vimenyooka vizuri. Kipima-laksi cha bei ndogo kinatosha: mulika kutoka mita 5, soma laksi, zidisha kwa 25, umepata kandela. Soma unapowasha, kisha soma tena dakika ya kumi. Mwanga uelekezwe kwenye njia, kamwe si angani. Uwanja wa ndege wa Bankstown uko kusini yetu na ndege zake ndogo hupita chini. Kumulika marubani si mchezo katika jimbo hili: mwaka 2008, baada ya ndege kumulikwa zikikaribia Sydney, New South Wales ilizuia watu kutembea na vielekezi vya leza bila sababu halali.

Betri ndiyo sehemu nisiyokubali kuona mtu akibahatisha. Seli ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hubeba nishati ya kutosha kuwasha moto nyumba. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimetolewa kwenye kompyuta zilizochakaa na kuvikwa ganda jipya. Kabla ya kupunguza ukinzani wa tochi, hakikisha seli inastahimili mkondo utakaopita, kwa sababu zile springi mbovu zilikuwa pia breki. Seli iliyovimba, iliyochubuka ganda au iliyowahi kupigwa shoti haifai tena tochini wala kwenye pipa la taka. Ipelekwe inakokusanywa betri.

Fizikia hii ninaijali kwa sababu nyumbani Afrika Mashariki watu wanaifanyia kazi kila usiku. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika walivua kwa karabai za mafuta ya taa miaka mingi, na katika miaka ya 2010 wengi walianza kuhamia LED za betri. Tim Gengnagel, Philip Wollburg na Evan Mills walizifanyia majaribio taa hizo katika maziwa hayo yote mawili, upande wa Tanzania. Mvuvi hana haja na dakika tatu za fahari. Anataka mwanga ule ule tangu jioni mpaka alfajiri, kwa betri moja.

Fundi anayemtengenezea taa ana njia ambayo wengi wa huku Sydney huiruka. Badala ya chipu moja kwa ampea 3, weka mbili, kila moja kwa ampea 1.5. Kwa chipu za aina ya XM-L, volti ya kila moja hushuka kidogo, ule msongamano wa elektroni hupungua, na jumla ya nguvu inakuwa chini ya wati 10 za mwanzo. Mwanga, badala ya kubaki pale pale, unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, na joto linagawanywa sehemu mbili za chuma.