Ganzi ya Usiku na Upasuaji wa Tundu Dogo

Ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku, akalazimika kuukung'uta mkono ili apate nafuu, mara nyingi hudhaniwa kuwa uchovu tu. Ikishika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku kidole cha mwisho kikisalimika, tabibu makini hukitazama kwanza kifundo cha mkono.

Hapo pana mfereji mwembamba wa mifupa, uliofunikwa kwa utepe mgumu usiovutika. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva ya kati. Nafasi ikipungua, iwe kwa ujauzito, kisukari, udhaifu wa tezi ya shingo au bila sababu bayana, neva hiyo laini ndiyo inayobanwa.

Banzi la usiku au sindano ya steroidi huwafaa wengi walio katika hatua za mwanzo. Hatari imo katika kungoja. Misuli ya kitako cha gumba ikishakonda, na mgonjwa akashindwa hata kufunga kifungo cha shati, upasuaji waweza kuzuia hasara isizidi, lakini huenda usirudishe kilichokwisha kupotea.

Lengo la upasuaji ni moja: kuukata utepe ule. Kwa njia ya wazi, kiganja hupasuliwa sentimita chache. Kwa endoskopia, iliyoelezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Ichiro Okutsu wa Japani na James Chow wa Marekani, kamera nyembamba hupitishwa katika tundu la kama sentimita moja kifundoni (mbinu ya Chow huongeza tundu la pili kiganjani), na utepe hukatwa kutoka upande wake wa ndani. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Fundi cherehani huweza kurejea kazini mapema zaidi kwa takriban wiki moja, na hilo si jambo dogo kwa anayelipwa kwa siku. Hata hivyo, baada ya miezi kadhaa matokeo ya njia zote mbili hukaribiana, na endoskopia huambatana zaidi na usumbufu wa muda wa neva. Hospitali isiyo na kamera, basi, haitoi tiba duni. Mkono uliozoea kazi hiyo una uzito kuliko chombo.

Maumivu ya usiku mara nyingi hutoweka ndani ya siku chache. Ganzi ya muda mrefu hukawia miezi, na nguvu za kushika hurejea polepole. Vidole lakini huanza kukunjwa na kukunjuliwa tangu siku ya kwanza.