Mama mzee akisema: "Titi linaniuma"

Ndugu mfanyakazi, mashini ikianza kulia kwa namna usiyoizoea, hungoji ivunjike. Unaisimamisha na kumwita fundi. Leo tuzungumze juu ya mama zetu nyumbani, maana kwao mara nyingi tunangoja.

Nilipokuwa mpya katika kazi hii, nilihudumu katika dispansari moja ndogo. Siku moja alikuja mama wa zaidi ya miaka 60, ametoka Shari, mtoto wake mchimbaji. Akaniambia: "Mwanangu, titi linaniuma, kuna kitu kigumu ndani." Nikaona haya, kwa kuwa alilingana na mama yangu. Sikumpima. Nilimpa vidonge vya maumivu na kapsuli za jipu. Baada ya majuma matatu akarudi, nikampa vilevile. Mara ya tatu alimkuta mama muuguzi mzee wetu, naye akampima, kisha akaniita: "Wewe, titi hili umewahi kulishika?" Nilikosa jibu. Hospitali waliona ni kansere, tena imekwisha kufika kwapani. Alipasuliwa, lakini muda ule niliompotezea haukurudi.

Nilikosa mara tatu. Wewe usinifuate.

Kosa la kwanza: nilifikiri kinachouma si kansere. Ni kweli, uvimbe mwingi wa titi si kansere, na kansere mara nyingi haiumi mwanzoni. Lakini iko inayouma. Maumivu peke yake hayawezi kutuambia ni ugonjwa gani.

Kosa la pili: nilisahau umri. Kwa msichana, uvimbe mara nyingi ni jambo dogo. Kwa mama aliyekwisha kukoma kuona mwezi, hatari ni kubwa zaidi. Tena yeye hanyonyeshi. Basi titi lake likiwa jekundu na la moto, tusiseme upesi ni jipu. Iko kansere inayofanana na jipu, na ngozi inakuwa kama ganda la chungwa. Kapsuli zikiisha bila nafuu, asipewe nyingine, apelekwe hospitali.

Kosa la tatu: haya. Mganga anayeona haya anaua, na mgonjwa anayeona haya anajiua. Mama akipenda kupimwa na muuguzi mwanamke, aombe. Binti yake aweza kusimama karibu.

Nenda upesi ukiona mojawapo ya haya:
1. Uvimbe mpya katika titi au kwapani, uume au usiume.
2. Ngozi inayobonyea, kukunjamana au kuwa nyekundu.
3. Chuchu inayoingia ndani, inayotoa damu, au yenye kidonda kisichopona.
4. Titi moja kubadilika umbo.

Huko hospitali watafanya nini? Kwanza watauliza, kisha watapima kwa mkono matiti yote mawili na kwapa. Palipo na mashini, watapiga ekografi au picha ya titi. Mwisho, kwa sindano, watatoa kipande kidogo kitazamwe kwa mikroskopi. Hicho ndicho kinachotoa jibu la kweli. Sindano hiyo haisambazi kansere, kama watu wanavyosema. Kipande kikitumwa mbali, ufuatilie jibu mpaka ulishike mkononi. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi wote umalizike ndani ya siku 60 tangu mama alipofika mara ya kwanza.

Wengine husema ni uchawi. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani walikutwa na kansere ya titi, na 670,000 walikufa. Karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu inayojulikana ila kuwa mwanamke na kuwa na umri. Basi tusimtafute jirani wa kulaumu.

Ninyi wana na waume, neno la mwisho ni lenu, kwa sababu mshahara uko mikononi mwenu. Usiseme: "Mama amezeeka, tumwache." Kansere ikikutwa ingali ndogo, matibabu ni mepesi zaidi, gharama ni ndogo, na wengi hupona. Mama yule wa Shari alisema mapema. Sisi ndio tuliochelewa kusikia. Jioni ya leo ukirudi kutoka kazini, muulize mama yako hali yake. Akitaja titi, kesho asubuhi mpeleke.