Mhandisi wa Pampu na Vilango vya Moyo

Mwanafunzi wa Mwera, wilayani Pangani, aliyewahi kuteka maji kwa pampu ya mkono anafahamu kwamba nguvu za mkono pekee hazipandishi maji. Ndani ya pampu mna vali, yaani kilango kifungukacho upande mmoja tu. Kilango hicho kikichakaa, maji hurudi kisimani na mtekaji huchoka bure.

Moyo nao ni pampu ya namna hiyo, wenye vilango vinne. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, yaani lita 7,200 kwa siku, kiasi cha kujaza mapipa 36 ya lita 200.

Lowell Edwards wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1898, hakusomea udaktari. Alikuwa mhandisi wa pampu, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia pampu yake ya mafuta ilitumika katika ndege zilizoruka juu sana. Ujanani mwake aliugua homa ya baridi yabisi, maradhi yawezayo kuharibu vilango vya moyo. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 60, alimwendea Albert Starr, daktari mpasuaji wa mjini Portland aliyekuwa na miaka 32, akamweleza nia yake ya kuunda moyo mzima. Starr alimshauri aanze na kilango kimoja.

Hata hicho kimoja hakikuwa chepesi. Damu si maji: chembe zake huvunjika zikisagwa, nayo huganda igusapo kitu kigeni. Vilango vya kwanza, vilivyoigiza umbo la vile vya asili, viliziba kwa damu iliyoganda vilipojaribiwa katika mbwa. Hivyo basi wawili hao waliacha kuigiza maumbile. Waliunda kizimba kidogo cha chuma chenye tufe ndani yake. Damu ikienda mbele hulisukuma tufe na kupita. Ikitaka kurudi, tufe huziba njia. Mgonjwa wa kwanza, Agosti 1960, alifariki baada ya saa chache. Wa pili, aliyepasuliwa Septemba mwaka huo, aliishi takriban miaka 10.

Moyo mzima ulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Utah, Barney Clark aliwekewa moyo uitwao Jarvik-7, akaishi siku 112. Mwaka 2024, mjini Houston, mgonjwa aliwekewa moyo uliobuniwa na mhandisi Daniel Timms wa Australia. Moyo huo hauna kilango hata kimoja. Una gurudumu moja lizungukalo likiwa limeshikiliwa na nguvu za sumaku, bila kugusa ukuta. Huo ulikusudiwa kumvusha mgonjwa hadi apatikane moyo wa mtu mwingine.

Kilango bandia, kwa upande wake, kimewafikia wengi. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, hubadilisha vilango vilivyoharibika. Lakini mwenye kilango cha chuma hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Kwa mtu aishiye mbali na hospitali kubwa, huo ni mzigo mzito.

Kwa sababu hiyo, kinga ni bora kuliko ufundi wote huo. Homa ya baridi yabisi huanza na maumivu ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoki, na huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule. Penisilini ikitolewa mapema huizuia. Mwanafunzi mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati, hata kama anaonekana ana mafua tu. Vilango alivyozaliwa navyo havihitaji dawa wala fundi, na hakuna mhandisi aliyekwisha kuunda vinavyovizidi.