Mama wa Kitanda cha Chini

Shati langu la shule halijafuliwa tangu Novemba 2007. Limekaa chini kabisa ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, ile mifuko ambayo serikali ilikuja kuipiga marufuku miaka kumi baadaye. Mgongoni, kifuani, kwenye kola hadi mikononi, limeandikwa kwa kalamu za bluu, nyekundu na kijani. Mwaka jana tulipokuwa tukihama nyumba, shemeji yangu wa Nairobi alilikunjua, akalitazama mbele na nyuma, akacheka. "Kumbe hata wewe, shemeji, ulikuwa mhuni!"

Neno hilo tunalisikia kila mwaka hapa Eldoret watahiniwa wa KCSE wanapoweka kalamu chini. Steji inajaa mabinti wenye magodoro vichwani na masanduku ya bati miguuni, mashati yao meupe yamechorwa hayatamaniki. Mama wa mboga anasonya. Makanga anapiga mluzi. Mzee aliyekaa kiti cha mbele cha matatu anasema shati hilo lingemfaa mdogo wake mwakani. Kuhusu bei ya shati mzee ana haki, sibishani naye. Lakini uhuni, hapana. Anachokiona ni dakika kumi za mwisho za jambo lililochukua miaka minne. Ni sawa na mtu aliyefika arusini watu wakiosha sufuria, akaenda kusimulia kwamba arusi ile ilikuwa ya masizi.

Januari 2004 baba alinifikisha kwenye shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji. Nilikuwa na sanduku lenye jina langu kwa rangi nyeupe, ndoo, godoro na sweta mbili, kwa kuwa Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na maji ya kuoga alfajiri hukata hadi mfupani. Baba alimalizana na karani wa karo, akanipa noti ya shilingi mia mbili, akaenda zake bila kugeuka. Nilisimama penye mlango wa bweni nikiyazuia machozi. Msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye mwanya, akaja akashika upande mmoja wa sanduku. Hakuniuliza jina. Aliwageukia wenzake akasema, "Huyu ni wangu."

Nikawa nimepata mama. Mama hulala kitanda cha chini, mtoto cha juu. Mama ndiye anayekuonyesha bomba ambalo maji yake hayakatiki, anayekufundisha kutandika kitanda kisimkere mwalimu wa zamu, anayejua ni mpishi gani ukimwamkia vizuri huongeza kijiko cha pili. Ukiugua usiku, mama ndiye anayekwenda kumgongea matroni. Ukikosa sabuni, ya mama hukatwa nusu kwa uzi. Naye mama ana mama yake kidato cha tatu, ambaye kwako ni nyanya. Sisi Wakalenjin tulimwita kogo, kama tunavyowaita nyanya zetu nyumbani, na haukupita muda bweni zima, Mkikuyu kwa Mluhya kwa Mjaluo, likawa linasema kogo. Kidato cha nne alikuwa kogo mkubwa. Huyo hasemeshwi ovyo.

Jumamosi ya kwanza baada ya prepu, kogo mkubwa alinikalisha juu ya sanduku langu akanikaririsha ukoo. Mama yako nani, mama yake nani, mama wa huyo nani, kurudi nyuma hadi majina tisa. La mwisho lilikuwa la msichana aliyeingia shuleni mwaka 1995, na zaidi ya hapo hakuna aliyekumbuka. Ukikosea unaanza upya. Nilipomsimulia mama yangu mzazi likizo ya Aprili, alicheka hadi akaweka chini kikombe cha chai. Akasema hiyo ni kurenet. Kwa Wanandi mtoto mchanga huitiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile analolipigia chafya ndilo limemkubali. "Na wewe ulipiga chafya?" akaniuliza. Nilipiga, kwa sababu ya vumbi la godoro.

Nalirefusha hili kwa makusudi. Wazee wetu wana marika, ibinda, yanayozunguka na kurudi: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi. Mwanamume wa Kinandi ukimuuliza rika lake unajua amkieje na umpishe vipi njiani. Lakini hayo ni marika ya wanaume. Msichana alikuwa na njia yake ya kuvuka utotoni, ya kisu, na hiyo siililii hata kidogo. Sheria ya 2011 iliipiga marufuku na iende salama. Kilichobaki ni kwamba binti wa huku hakuwa na mahali pa kuhesabiwa. Bweni likampa. Hakuna kamati iliyokaa ikaliamua jambo hilo, wala halimo kwenye kanuni za shule. Wasichana walijitungia wenyewe, kwenye baridi, taa zikiwa zimezimwa.

Mengine ya shule za bweni msomaji anayajua. Madondo, fanki, barua za manukato kutoka shule ya wavulana, kufyeka nyasi kwa adhabu: hadithi hizo kila mtu anazo na zote zinafanana. Na umono, ule wa kumpimisha mgeni uwanja kwa njiti ya kibiriti au kumwamuru azime balbu kwa kuipuliza, siutetei. Mtoto mwenye mama hakuguswa.

Siku ya kutembelewa ndiyo ninayoililia. Wazazi walitandaza leso kwenye nyasi chini ya miti, chapati zikatoka kwenye mabeseni zikiwa bado na joto, kuku akatoka, na mursik ikamiminwa kutoka kwenye sotet, kile kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet mpaka maziwa yakawa na rangi ya majivu. Desturi yetu ilikuwa kwamba hakuna anayekula kabla ya kuwatafuta wa ukoo wake ambao hawakujiwa na mtu. Kogo wangu, mtoto wa mjane kutoka Bungoma, hakutembelewa hata mara moja kwa miaka yote, na hakuna siku aliyokosa paja la kuku. Mwaka 2016, kwa hofu ya wizi wa mtihani, Waziri Fred Matiang'i alipiga marufuku siku za kutembelewa na ibada za kuwaombea watahiniwa muhula wa tatu. Sababu yake naielewa. Mitihani iliibwa kweli. Lakini waliokaa Nairobi wakaandika kwamba wazazi wamekatazwa kupeleka vyakula, kana kwamba tulikuwa tukienda kula.

Sasa turudi kwenye shati.

Wadogo hufunga shule kabla ya kidato cha nne kumaliza mtihani. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kufunga ndio usiku wa kurithisha. Mama humkabidhi mtoto ndoo, jembe, pasi ya makaa kama ipo, na vitabu vya fasihi. Mimi nilirithi Kifo Kisimani chenye maelezo ya watu watatu pambizoni, kila mmoja na rangi yake ya wino, wakibishana. Kisha shati huvuliwa likatandikwa kitandani. Upande wa moyo huandika mtoto peke yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa hapo. Mkono wa kushoto huandika mjukuu, wa kulia kitukuu. Kwenye kola mwenyewe huandika namba yake katika ukoo. Yangu ni 10. Baada ya hapo shati hurudi sandukuni, na mtihani unafanywa ukiwa umevaa lile jingine. Mgongo huachwa mtupu mpaka siku ya karatasi ya mwisho, kwa kuwa mgongo ni wa rika. Shemeji alilitazama mbele na nyuma asijue kwamba kuna mbele na nyuma.

Aliyeandika moyoni mwangu alikuwa binti wa Kikuyu, mtoto wangu wa 2005. Tulimaliza KCSE Novemba 2007. Tarehe 27 Desemba nchi ikapiga kura, na kufikia Mwaka Mpya Uasin Gishu ilikuwa inawaka. Februari nilifuatana na akina mama wa kanisa kupeleka unga kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, mahali walipokuwa wamejaa maelfu ya waliofukuzwa makwao. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, amevaa sweta ya shule juu ya leso. Akaniita, "Mama," kwa sauti, mbele ya mama yake mzazi. Yule mama alinitazama kwa muda. Alijua jina langu, na jina langu lilimwambia mimi ni nani. Kisha akasema, "Huyu ndiye wa mursik?" Akanisogezea mtungi nikalie.

Binti yule alimalizia kidato cha nne kwenye shule nyingine, huko kwao Kati. Aliniambia baadaye kwamba shati lake liliandikwa mgongoni tu. Lakini mtoto wake alikuwa amebaki kwetu, na huyo alikuwa na mtoto wake, na ukoo ukaendelea kuhesabiwa.

Naukumbusha mkasa huo kwa sababu ya ninayoyasikia sasa. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kikaingia Januari 2024. Mwaka 2025 hakikuingia kitu. Wale wasichana walifika kidato cha pili, umri wa kuwa mama, na vitanda vya juu vikawekewa masanduku. Wa mwisho wa ukoo wetu, namba 30 kwa hesabu ya kola, aliniambia waliendelea kuitwa mono, yaani wageni, mwaka wa pili kwa kuwa hapakuwa na wengine wa kuitwa hivyo. Januari 2026 wakaja Gredi ya 10. Bweni likajaa tena, lakini mabinti wa kidato cha tatu hawakuwashika masanduku. Hao si wetu, wakasema, hao ni wa mtaala mpya. Baadhi ya wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp wanakubaliana nao. Wanasema ukoo umeisha kwa heshima na KCSE ya 2027 itaufunga.

Nimewapinga na ninawapinga hapa. Hesabuni darasa. Mwaka 2023, hao wa kidato cha tatu walipokuwa darasa la nane wakijiandaa kwa KCPE, hawa wa Gredi ya 10 walikuwa Gredi ya 7, nyuma yao mwaka mmoja tu. Hakuna kizazi kilichorukwa. Ni mtoto yule yule aliyepaswa kuja 2025, amecheleweshwa na serikali mwaka mmoja na kupewa jina jingine la darasa. Nasi tuliokuwa na kogo wa Bungoma na mtoto wa Kikuyu, tuliovuka 2008, leo tushindwe na neno gredi?

Kwa hiyo nyinyi wa 2027, wajukuu zangu, mkinisoma: kitanda cha juu kina mtu, na Julai ya Eldoret mnaijua. Muulizeni kama ana sweta ya pili.