Kwa Nini Mwanafunzi Huzirai Mstarini?

Wanafunzi wamesimama mstarini asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, na mara mmoja wao anapepesuka na kuanguka. Wenzake humkimbilia, wakamwinua na kumkalisha kitini. Wafanyapo hivyo, bila ya kujua, humcheleweshea nafuu.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo kwayo damu husukuma kuta za mishipa, nalo hupimwa kwa milimeta za zebaki. Kwa mtu mzima mwenye afya hukaribia 120 moyo unaposukuma, na 80 unapopumzika. Likishuka chini ya 90 kwa 60 huitwa shinikizo la chini. Hata hivyo, wengi huishi na kiwango hicho pasipo taabu, wala hawahitaji dawa.

Taabu huanza ubongo unapokosa damu ya kutosha. Mtu asimamapo, mvutano wa dunia huteremsha kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi kuelekea tumboni na miguuni. Katika kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo mna neva zinazohisi badiliko hilo. Moyo huongeza mapigo na mishipa hunywea. Twiga, ambaye kichwa chake ki mbali sana na moyo, hulazimika kuwa na shinikizo lipatalo mara mbili ya letu.

Mwanafunzi asiyekunywa maji, aliyesimama kwa muda mrefu katika joto, aweza kushindwa kulihimili badiliko hilo. Kuanguka humsaidia, kwani kichwa kikiwa sawa na moyo damu haina mlima wa kupanda. Basi alazwe chali, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, wala asinyweshwe kitu kabla hajazinduka. Asipozinduka katika dakika moja au mbili, apelekwe hospitali.

Nyumbani, mwenye kisunzi anywe maji ya kutosha, asiache kula asubuhi, na akae kitako kidogo kabla ya kuondoka kitandani. Mzee anayetumia dawa za shinikizo la juu asiziache kwa hiari yake, bali amweleze daktari.

Wako wanaompa kila mwenye kisunzi maji ya chumvi. Hili ni kosa la hatari. Kisunzi hutokana pia na upungufu wa damu mwilini au kushuka kwa sukari, na mwenye shinikizo la juu naye hukipata. Huyo chumvi humdhuru. Hapana budi kupima kwanza. Na kisunzi kikiandamana na maumivu ya kifua, kutokwa damu, kinyesi cheusi, kuhara sana au homa kali, mgonjwa asitibiwe nyumbani kamwe. Mjamzito aliyezirai alazwe kwa ubavu wa kushoto, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Jaribio: Lala kwa dakika tano, uhesabu mapigo ya mkononi kwa dakika moja. Simama, uhesabu tena mara moja. Tofauti utakayoiona ni kazi ya zile neva tulizozitaja.