Je, Wajua? Breki ya Rili Ni Kidole Gumba

Je, wajua kwamba rili ya kutupia yenye bobini inayozunguka iliboreshwa na mafundi saa? George Snyder wa mji wa Paris, jimbo la Kentucky, Marekani, alitengeneza saa na vyombo vya fedha. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliunda rili ambayo ukizungusha mkono wake mara moja, bobini huzunguka mara kadhaa. Baada yake wakaja ndugu wa ukoo wa Meek, mafundi saa wa Kentucky hiyohiyo. Hata kampuni ya Abu ya Uswidi, ambayo rili zake zimeenea duniani, ilianza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa.

Je, wajua kinachowatesa wanaojifunza kutupa kwa rili hii? Kwenye rili ya kisasa ya wanaoanza, bobini hutulia na mshipi huchomoka ukingoni. Kwenye hii, mshipi hautoki mpaka bobini yenyewe izunguke. Piga hesabu: chubwi likiondoka kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, na mzingo wa bobini ni sentimita 10, bobini inazunguka mara 200 kwa sekunde moja! Chubwi likishaanza kupunguza mwendo angani, bobini haina habari. Inaendelea kumwaga mshipi usio na wa kuuchukua, na kufumba na kufumbua umejisokota kama kiota cha ndege.

Je, wajua dawa yake? Gumba. Liweke juu ya mshipi kabla ya kutupa, likaze. Fimbo ikifika mbele, liachie, lakini lisiende mbali: liguse mshipi kwa wepesi ule wa kupapasa jicho la mtoto aliyelala. Ukiona mshipi unaanza kufura juu ya bobini, ongeza mguso kidogo. Chubwi linapokaribia maji, bana kabisa. Wengi hukosea hapo mwisho: wanalitazama chubwi likitua, wanafurahi, gumba linasahau kazi.

Je, wajua kwamba nguvu si rafiki yako? Ukiirusha fimbo kwa mshtuko, bobini huruka mbio kuliko chubwi. Anza taratibu, ongeza kasi mwishoni. Mita 15 safi zinakufundisha kuliko 60 za fujo.

Rili nyingi zina kirungu cha pembeni cha kukaza bobini. Fungua klachi, acha chubwi lishuke lenyewe. Likishuka polepole, na bobini ikasimama chubwi linapogusa chini, umepata kipimo cha kuanzia. Ukibadilisha uzito, pima upya.

Je, wajua kwamba mahali pazuri pa kujifunzia hapana maji? Mimi nilijifunza kwenye uwanja wa mpira jioni, chubwi tupu bila ndoana, upepo ukiwa mgongoni. Upepo wa usoni hulizuia chubwi na kuiacha bobini ikienda zake. Na hii hapa siri ninayompa kila anayeniuliza: tupa mbali uwezavyo, vuta mita chache zaidi kwa mkono, kisha bandika kipande cha selotepu juu ya mshipi uliobaki kwenye bobini. Ukitatizika, hautatatizika kupita selotepu.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuitumia rili ya jamii hii miaka mingi bila kujua kutupa kwayo? Boti zinazorambaza sulisuli Watamu na Malindi huachia mshipi nyuma chombo kikienda. Hakuna kutupa. Ufukweni ni mambo mengine kabisa.

Rili kubwa za ufukweni mara nyingi hazina kile kidude cha kupanga mshipi kinachokwenda huku na huku, kwa sababu hupunguza umbali. Hivyo unapokunja, uelekeze mshipi kwa gumba kutoka kushoto kwenda kulia, safu juu ya safu. Ukirundikana upande mmoja, mtupo unaofuata utakwama.

Na mshipi ukishatatizika, usivute kwa hasira. Bana bobini kwa gumba, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu, kisha vuta mshipi polepole. Fundo dogo mara nyingi hufunguka hapohapo. Likikataa, tafuta kitanzi cha juu kabisa, kiinue kwa ncha ya kidole, kisha kinachofuata.